Maneno Yaliyobaki Kwenye Saa

Jumanne, 4 Machi
Shemeji alikuja kuchukua nguo za marehemu dada yake. Yuko mlangoni na begi, akasema kama anayekumbuka kitu kidogo: kule hospitalini dada alimwambia, "Nimemwachia maneno kwenye saa." Miezi mitano! "Shem, mimi nilijua umeshayasikia." Nikakaa pale pale kizingitini.

Saa yake ya mkononi, ile ya kisasa inayorekodi sauti, ilikuwa kwenye droo ya nyuzi. Mke wangu alikuwa akishona mapazia. Mikono imejaa pini, basi mambo yake yote aliiambia saa. "Uzi wa kijivu, mita mbili za bitana." "Mkumbushe huyu mzee afunge bomba." Huyu mzee ni mimi.

Jumatano, 5 Machi
Imewaka! Inataka namba nne za siri. Mwaka wa ndoa — sivyo. Mwaka aliozaliwa — sivyo. Namba ya nyumba — sivyo. Ikaandika: umebakiza mara mbili, kisha kila kitu kitafutwa. Nikaiweka mezani kama yai.

Alhamisi, 6 Machi
Kwa fundi simu, yule tunayemwita Macho Manne. Akaigeuza, akacheka. "Mzee, hii ipelekwe makumbusho." Akanisomea sifa zake kama daktari anayesoma vipimo. Hifadhi GB nne. RAM nusu GB. Maikrofoni inayo, spika haina — inasikia, haisemi. Betri imechoka. Haitengenezwi tena, na programu yake ya simu ilishazimwa. Kwa hiyo sauti zimo humo humo, hazikwenda kokote.

Njia mbili. Ya kwanza kuiruti: anafungua mfumo mzima, anaitawala saa atakavyo. Ila kufungua kwenyewe kunafuta kila kitu. "Itabaki safi kama imetoka dukani leo." Nilisema hapana kabla hajafunga mdomo. Ya pili: aiwashe kwa muda kupitia kompyuta yake, anakili sauti, aizime, bila namba ya siri. Upenyo huo uko kwenye toleo hili la zamani tu. Kwenye toleo la mwisho waliuziba. "Bahati yako mama hakukubali apdeti."

Bahati! Kila ujumbe ulipotokea alibonyeza "Baadaye". Nilikuwa namtania, hata saa unaipiga chenga?

Waya wa kazi hiyo unafika Jumatatu. Nije na saa imejaa chaji.

Jumamosi, 8 Machi
Kidude cha kuchajia kimelegea. Yeye alikuwa anakikaza kwa mpira wa nywele. Nimeupata. Una unywele mmoja. Sikuutoa.

Jumapili, 9 Machi, saa nne asubuhi
Niliifunga na mpira, nikaiacha ijae kwa ajili ya kesho. Nimerudi na chai — kioo cheusi, maandishi meupe: Inasasisha. Usiitoe kwenye chaji.

Sijabonyeza chochote!

Nikampigia Macho Manne. Akasema: "Lo, mzee. Ile apdeti ilishashuka siku nyingi. Ilikuwa inangoja chaji ifike nusu tu. Ilibidi nikuambie." Niichomoe? "Usithubutu! Kwa betri ile itazimika katikati, na sauti zife nayo." Na ikimaliza? "Zitabaki nzima. Ila ule upenyo ndiyo basi." Itabaki namba ya siri tu. Mara mbili. "Iache hivyo hivyo, mzee. Usiitikise."

Asilimia kumi na tisa, mpira ukakatika.

Nimeikandamiza kwenye chaji kwa kidole gumba cha kushoto. Naandika kwa kulia. Nailinda isifike mwisho — hapana, nailinda ifike. Sijui tena ninachoomba.

Thelathini na tatu. Kidole kimekufa ganzi. Shemeji anapiga; simu iko juu ya kabati, naliona jina lake, siifikii. Labda amekumbuka namba. Labda anauliza tu kama nimekula.

Simu imekata.

Arobaini na moja.

Jikoni bomba linadondoka. Sikulifunga. Siwezi kuinuka.