Mama, Usingoje Jicho Liive

Sib, Maskati
Ijumaa, mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa jikoni, mlango nimeurudisha, maana nyumba nzima imelala usingizi wa mchana isipokuwa mimi na friji. Mimi ni mzima, nala nashiba, na ule mgongo ulioniulizia umepoa tangu waliponinunulia godoro. Hofu ni kwenu huko. Mvua za vuli zimefika Muheza? Lile bati la jikoni limepigiliwa, au bado mnakinga matone kwa sufuria? Na wewe Hadija, mdogo wangu unayemsomea Mama, hujambo? Kaa naye chumbani, fungeni mlango, soma polepole, na popote nitakapokwambia usiruke, usiruke. Nakujua.

Mtauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ya dukani kwa Mzee Rajabu ukiongea unaongea na foleni yote, na kadi yenyewe hukatika pale pale maneno yanapoanza kunoga. Haya niliyonayo leo si ya kusemwa mbele ya watu waliokuja kununua sukari.

Kwanza nikwambie nimekukumbuka, Mama, mpaka naona haya kwa umri wangu huu. Juzi nimepika mchicha kwa tui la unga, lile la kwenye pakiti, nikaonja, nikaweka mwiko chini nikalia. Bibi wa humu ndani akauliza kutoka sebuleni jikoni kuna nini, nikasema kitunguu. Kitunguu chenyewe nilikuwa hata sijakimenya. Siku za Ijumaa jioni tunakutana wanawake wa Tanga na Dar pwani ya hapa Sib, karibu na soko la samaki, tunasema Kiswahili mpaka koo linalainika. Kila mmoja anamtaja mama yake. Mimi nikikutaja wewe nainuka mapema, najidai nakwenda kuuliza bei ya samaki.

Sasa nakuja kwenye habari yenyewe. Unamjua kwa barua Bibi Zuwena, mama mzee ninayemtunza. Aliondoka Unguja akiwa mwanamwali, amezeekea huku, na humu ndani wanasema Kiswahili cha Unguja kilichochanganyika na Kiarabu. Tajiri wangu ni mwanawe, Bwana Seif, anayefanya kazi wizarani kule Al Khuwair. Bibi huyu kwa muda sasa alikuwa na vituko. Anajigonga bega kwenye mlango ule ule kila siku, halafu anaugombeza mlango. Anamimina kahawa nje ya kikombe, anasema nimekisogeza mimi. Nikimjia kwa ubavuni anashtuka kama nimemvamia. Lakini msahafu anausoma mwenyewe, na akiona uzi umechomoza kwenye kanzu ya mjukuu wake, anauona kabla yangu. Tukimwambia aende akatazamwe anasema, "Mtoto wa jicho huyo, hajaiva bado. Akishaiva watamtoa. Mna haraka ya nini?"

Siku aliyojikwaa kwenye ngazi, Bwana Seif hakumsikiliza tena, akatupakia garini mpaka kwenye hospitali ya macho. Daktari ni mama wa Kihindi, mpole, anasema Kiarabu. Bibi Kiarabu anakijua sana, ila akiogopa anarudi kwenye Kiswahili, kwa hiyo tukapewa muuguzi anaitwa Asila, ambaye wazee wake nao walitoka Unguja. Walimtia tone la ganzi, wakamsogezea kitaa cha buluu mpaka kikagusa jicho, wakapima presha. Mimi nilidhani presha ni ya moyo tu, kumbe na jicho linayo yake.

Halafu wakamkalisha mbele ya mashine iliyo kama bakuli kubwa jeupe. Unaweka kidevu, unatazama katikati, macho hayahami. Vitaa vidogo vinawaka pembeni, huku na huku, na kila ukikiona unabonyeza kitufe. Bibi akabonyeza mfululizo.

"Bibi, sasa hapana taa," akasema Asila.

"Nnaiona."

"Haijawaka, Bibi."

"Basi itawaka. Mie nshaijua tabia yake."

Tulicheka mpaka daktari naye akacheka bila kujua anachekea nini. Bibi akaambiwa huu si mtihani wa chuo, hapana kufaulu wala kufeli, arudie. Mara ya pili akabonyeza kwa haki. Mimi nimesimama ubavuni mwake nachungulia. Taa inawaka kushoto, kidole kimetulia. Inawaka juu, kimetulia. Inawaka kulia karibu kabisa, kimetulia. Kicheko kikanikauka, Mama.

Wakamtia matone mengine, mboni zikapanuka, daktari akatazama ndani mpaka nyuma ya jicho. Alipomaliza akatuchorea. Alisema nyuma ya jicho kuna mshipa, huo ndio unaobeba kila unachokiona kukipeleka kwenye ubongo. Ndani ya jicho kuna maji yanayoingia na kutoka. Yakishindwa kutoka vizuri, presha inapanda na kuuminya ule mshipa, nao unakufa kidogo kidogo. Kuona kunaanza kupotea pembeni. Katikati hubaki mpaka mwisho, ndiyo maana mtu anasoma na kushona vizuri, na huku ubavuni mwake hana kitu. Wala hauumi, kwa hiyo hujui.

Bibi akasema, "Haya, n'toeni huyo mtoto wa jicho nende zangu."

Daktari akamwambia mtoto wa jicho hana. Mtoto wa jicho ni ugonjwa wa watu wengi, na huyo akitolewa mtu anaona tena. Huu wa kwake ni mwingine. Huu hauivi. Ukingoja uive, unazidi kula. Sehemu iliyokwisha kupotea hairudi kwa dawa wala kwa kisu. Wanachoweza ni kulinda iliyobaki. Bibi alivuta ushungi wake akauweka sawa, akauliza kama anaweza kupewa maji ya kunywa.

Hadija, hapa usiruke.

Mama, barua yenu ya mwisho ilinichekesha ilipofika. Hadija aliandika kwamba watu wa mtaani wamekununia, wanasema tangu binti yako aende Uarabuni unaringa, unapita barazani kwa watu bila kuwaamkia. Mama Zaina amekaa ubavuni mwa njia, kakukoholea, na wewe umempita kama mti. Nilicheka kwa sababu wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mtu hapitwi, hata kama mna ugomvi naye, na ukisahau unarudi nyuma umwamkie. Hadija akaongeza umemkanyaga kuku aliyelala kando ya kizingiti, na vikombe vinakuponyoka mezani, ila uzi bado unautunga mwenyewe kwenye sindano, kwa hiyo jicho si baya sana. Ni mtoto wa jicho, kasema Shangazi, kwa vile yeye alikuwa naye akatolewa, na kasema ungoje aive.

Pale hospitalini, mbele ya ile michoro, maneno yote hayo yalinirudia kwa mpigo. Mama, wewe hukuringa. Hukuwaona. Mama Zaina alikuwa ubavuni, na ubavuni kwako huenda hakuna kitu tena, na hujui kama hakuna, maana mbele bado kupo. Mtaa mzima umekuchukia kwa kiburi ambacho huna, na hata sisi watoto wako tulikutania.

Nikamwomba Asila aniulizie. Daktari akasema yeye hawezi kulijua jicho asilolitazama. Huenda ni mtoto wa jicho kweli kama asemavyo Shangazi, na huenda ni huu mwingine. Lakini kwa dalili hizo, alisema, mama asikae nyumbani, apelekwe mapema. Akasema pia ugonjwa huu hupita kwa damu, kwa mama na watoto na ndugu wa tumbo moja. Basi Bibi akang'ang'ania nami nitazamwe pale pale: "Mtizameni na huyu, asije akan'tia dawa ya jicho puani." Nimetazamwa, mzima, nirudi kila mwaka. Usinihofie. Hadija, siku utakayompeleka Mama, na wewe ukae kwenye kile kiti.

Niliomba ruhusa nije. Bwana Seif si mtu mbaya, lakini mkataba ni mkataba na pasi yangu iko kabatini kwake. Alisema ningoje mpaka Ramadhani ipite, apate mtu wa kukaa na mama yake. Sikuweza kumchukia. Naye ana mama asiyeona vizuri.

Kwa hiyo nimebaki na matone aliyoandikiwa Bibi. Kila jioni natoa kichupa kwenye friji, namlaza kichwa kwenye mto, naivuta kope ya chini, namtia tone moja, kisha nabana kona ya jicho kwa kidole kama nilivyofundishwa, dawa isishuke puani. Macho yake nayajua sasa, mishipa yake, doa lake dogo la kahawia kwenye weupe. Ya kwako siyakumbuki vizuri hivyo. Naona wivu, Mama, nakwambia kweli. Mkono huu ungekuwa kwenye uso wako.

Jana nikimtia dawa chozi langu likamdondokea shavuni. Akauliza, "Dawa gani hii ya moto?" Ikabidi niseme. Nikamwambia barua ya nyumbani inasema mama yangu kakataa kwenda hospitali mpaka nirudi mimi. Kasema hataki kushikwa mkono na mtu mwingine, "Mwanaidi ndiye atakayenipeleka."

"Na weye ukafurahi," akasema.

Nikasema nilifurahi.

Akayafumba macho kwa ajili ya dawa. Kisha akasema, "Mie mamaangu n'limwacha Unguja. Kila khati yake ikija yasema, nakusubiri mwanangu, nakusubiri. Mguu umemvimba, ati hendi spitali, an'subiri mie. Nami huku roho yanituwa, nasema, mama ananipenda huyo. Akafa kwa ule mguu. Nawe mwandikie mamaako. Mwambie asikusubiri. Mwandikie kesho hiyo hiyo, hata chai yangu itangoja." Na Bibi huyu, Mama, chai yake haijawahi kungoja hata siku moja.

Ndiyo nakwambia. Ujue ni neno gumu kwangu. Ndoto yangu yote ya huku ilikuwa hiyo: nakuja, nakushika mkono, tunakaa wawili kwenye benchi la hospitali tukiwateta wauguzi, unatolewa bandeji, na mtu wa kwanza kumwona ni mimi. Nimeshakununulia na miwani ya jua, ya kahawia, imo sandukuni. Kila nikichoka kwa kazi ya hapa nilikuwa naichezesha ndoto hiyo kichwani nikapata nguvu ya kupiga deki. Sasa naiacha. Mtu wa kwanza na awe Hadija, awe daktari, awe yeyote.

Nendeni hospitali kubwa ya Tanga, kwa watu wa macho. Usiseme mmekuja kwa mtoto wa jicho, watawaandikia foleni ya mtoto wa jicho. Sema unavyojigonga, sema pembeni huoni watu. Waombeni wapime presha ya macho na watazame mshipa wa nyuma. Kama mashine hawana, wawape karatasi ya kwenda hospitali ya Moshi. Wakikupa matone, tia kila siku, hata kama huoni tofauti. Hutaona tofauti, Mama, dawa hii haikuongezei, inakuzuilia tu, na watu wengi huacha kwa sababu hiyo. Daktari wa hapa amesema ipo pia isiyotaka friji. Na ukiambiwa kupasuliwa, usikatae kwa sababu sipo.

Hadija, kabla ya safari pita kwa Mama Zaina umweleze. Mwambie tangu leo akimwona Mama asikohoe, aje mbele yake amwamkie kwa jina.

Nisalimie Shangazi, mwambie shikamoo, simgombezi, jicho lake lilikuwa lake na hili ni la mwingine, na yeye aliye ndugu wa baba hayumo kwenye damu hii, lakini apime tu asituringie. Msalimu Baba Mdogo fundi baiskeli, aache kukopesha pampu. Msalimu kaka yangu Athumani huko shambani na mkewe, na yeye apimwe bila ubishi, ni mtoto wa tumbo lako. Mzee Rajabu wa dukani mwambie safari hii hakusikia kitu. Bibi Zuwena anakusalimu, anasema anakuombea, na anauliza kama Muheza machungwa bado ni matamu.

Mama, mimi nitakuja, In Shaa Allah, Ramadhani ikipita. Nikija sitaki unipapase uso ndipo unijue. Nataka unione nikiwa bado mbali, useme yule si Mwanaidi, mbona amenenepa. Hadija, barua imekwisha, usimpe aiweke chini ya mto. Mtolee baibui.

Nenda, Mama. Usinisubiri.

Bintiyo,
Mwanaidi