Mlango wa Waziri wa Pili

Dada yangu mpendwa,

Msalimie shemeji, na mama umshikie miguu kwa niaba yangu. Mimi mzima. Paa la nyumba yetu nimelimaliza, hata chumba cha mama nimekipaka rangi.

Nadhani hata huko ukimbizini mlisikia redioni kwamba wakubwa waliokuwa wakipigana wamepatana na kugawana serikali. Huku tulishangilia mpaka sauti zikatukauka. Basi wizara ya ujenzi mpya imepewa mawaziri wawili, na hakuna anayekubali kupita mlangoni nyuma ya mwenzake. Nikaitwa mimi seremala nitengeneze mlango wa pili. Mbao nilizopewa zilikuwa za madawati ya shule. Ukitaka kucheka, cheka tu. Mimi nimeshacheka mpaka basi.

Jana waziri wa pili alikuja kuukagua mlango wake. Nilimtambua kabla hajavua miwani. Ni yule yule aliyekuja na vijana wake kumchukua baba, akatuambia, "Ni maswali mawili matatu tu, atarudi." Hakunikumbuka. Alinipa mkono, akasema, "Kazi safi, fundi. Tunajenga nchi, au sio?"

Nikajibu, "Ndiyo, mheshimiwa." Ningesema nini, dada? Mkono wangu ulikuwa bado ndani ya wake.

Umeniuliza mrudi lini. Najua mama ameshafunga mizigo, anataka kuja kumngojea baba nyumbani.

Mwambie paa bado halijaisha.

Ni mimi mdogo wako,
seremala