Bibi Kwenye Ngazi za Kalambo

Jumamosi, baada ya sala ya usiku

Baba alikuwa amekataa kabisa Bibi, mama yake, ashuke nasi. "Ngazi za maporomoko ya Kalambo zitamshinda Mama. Atabaki kwenye gari." Mimi ndiye niliyemwombea Bibi aje, kwa hiyo niliogopa. Je, kama angeanguka?

Lakini Bibi alikataa kubaki garini. Ngazi za mwanzo alitetemeka kweli, amening'ang'ania mkono. Kisha akasimama.

"Mjukuu wangu, sijazoea kutembea bila mzigo kichwani. Nitwike hicho kikapu."

Nikamtwika kikapu chetu cha ugali wa ulezi na maharage. Akanyooka palepale, akaniachia mkono, akashuka kama anayekwenda shambani. Baba alikuwa nyuma, anahema!

Tulipofika mahali pa kutazamia, Bibi alicheka mbele ya maji yale makubwa, kikapu bado kichwani.

"Pumzika, mwanangu," akamwambia Baba. "Wakati wa kupanda nitakubebea na koti lako."

Baba akaketi palepale. Pumzi hana.