Sindano ya Yaya Ilunga

Mama mupenzi,

Jambo sana kutoka Élisabethville! Uliniuliza ndugu yangu mukubwa, yaya Ilunga, anafanya kazi gani ya kuangalia sindano kutwa nzima. Jana saa sita nilimupelekea chakula kwenye kazi yake, bukari na samaki. Tulikuwa tunanawa mikono, mara sindano ya mashini yake ikaruka juu ya karatasi.

"Dunia imetetemeka, mbali sana!" yaya akapiga kelele.

Mimi sikusikia kitu. Akanieleza: mutetemo unapita chini kabisa, ndani ya mawe ya moto yenye hakuna muntu atayachimba, na kwa mwendo wake wanajua mawe ile iko namna gani. Mukubwa wake wa kazi, muzungu, akaja mbio, akapima, akamupa mukono. Mara ya kwanza muzungu yule anamupa mukono, Mama! Tulicheka mpaka machozi.

Ukae na furaha. Sisi wawili tunakupenda sana.

Mwana wako,
Kabamba