Maji ya Zamani Kwenye Ndoo ya Shangazi

Eeddo, shangazi yangu mpenzi,

Najua marehemu huombewa dua, hasumbuliwi na habari za kazi. Dua nimekusomea. Sasa nisikilize, maana wiki nzima sijatulia. Nakaa, nainuka, nachungulia ndoo, narudi, nainuka tena. Hodan, kitinda mimba wako, anaolewa Ijumaa, na shaash nilizomchapia zilikuwa zinachuja rangi.

Ungekuwepo ungeshanifokea. Shaash! Kitambaa ambacho kina mama watamfunga kichwani siku ya saba, wakimwimbia, ili ulimwengu ujue sasa ni mke wa mtu. Halafu akifue mara moja tu kigeuke tambara la jikoni? Wallahi, bora nihamie Tarbaj nisionekane.

Unakumbuka tulivyoanza hapa mtaani Iftin, uani kwako, na ile meza uliyoitandika blanketi la zamani? Ulikuwa umetoka kwenye mafunzo ya kina mama, umerudi na mbao za kuchapia maua na kichwa kimejaa mipango. Ulinifundisha kuloweka kitambaa kwanza kwenye maji ya magadi, kukianika, ndipo tuchape. Bila magadi, ulisema, rangi inakaa juu juu tu, haishiki uzi. Na kweli rangi yetu ilishika. Wanawake waliifua kwa sabuni kali, wakaianika kwenye jua hili letu lisilo na huruma, na maua yakabaki mekundu. Ulitembea sokoni umeinua shingo, nami nyuma yako nimeinua yangu.

Lakini wewe ulilelewa Hadado, kwa watu wa ngamia. Huko kibuyu cha maziwa hakimwagwi chote. Yanaachwa kidogo ya jana ili yagandishe ya leo. Basi ndoo ya magadi nayo ukaifanya kibuyu. Yakipungua, unaongeza mapya juu ya yale yale. Siku moja nilitaka kuyamwaga, yalikuwa yameingia vumbi na wekundu, ukanidaka mkono. “Naa, wacha! Ya zamani ndiyo inafundisha mpya. Bolebole.” Ile “polepole” yako nilikuwa naiiga hadi unirushie kandambili.

Tukaendelea hivyo. Baadaye kazi ikaanza kuyumba. Ua lile lile, rangi ile ile, kitambaa kimoja kinashika na kingine kinachuja. Wewe ulilaumu sabuni. Mimi nililaumu muuza rangi. Tukikosa wa kulaumu, tulililaumu jua. Kisha Mungu akakuchukua, na ndoo ikabaki na maji yako, nami nikawa naongezea kama ulivyonifundisha. Nani angethubutu kuyamwaga? Chini kabisa mlikuwa na maji uliyoyakoroga kwa mkono wako.

Hii harusi ndiyo imenitoa usingizini. Nilikata ukingo wa shaash moja nikaufua kwa maji ya moto, na beseni zima likawa jekundu. Nikakoroga magadi mapya kwenye sufuria kuukuu, nikaloweka kipande kingine, nikachapa ua lile lile, nikakiacha kikae kama tunavyokiacha siku zote, nikafua. Ua halikutoka. Ndipo nikaelewa, Eeddo. Kila kitambaa kinachozama kinaondoka na nguvu ya magadi, na joto letu linakausha maji, kwa hiyo nikiongeza sijui naongezea nini. Leo makali, kesho chapwa. Maziwa ya jana yanagandisha ya leo, sawa. Magadi hayarithishani kitu, yanachoka tu.

Nilijua hayo, na bado niliifunika ndoo nikaenda kufagia uwanja uliokwisha fagiliwa. Hodan, aliyeliona lile ua lililogoma kutoka, akanikuta.

“Mbona hujayamwaga?”

“Aliyeyachanganya ni mama yako.”

“Kwani hooyo yuko ndani ya ndoo?”

Nikamgombeza, jamani! Nikamwambia hana adabu, hana haya, na huyo mume atajuta. Akalia. Nikalia na mimi. Kisha akajifuta kwa ncha ya mtandio, akasema kwa sauti ya chini, “Abaayo, dada yangu, mimi nataka nivae kazi ya hooyo mpaka nizeeke. Isitoke rangi. Basi.”

Nikaibeba ndoo hadi nyuma ya ua, nikimfukuza mbuzi wa jirani anayelamba kila chenye chumvi. Nikasema bismillahi, nikamwaga. Mchanga ukayanywa mara moja, hata haukunipa nafasi ya kuyatazama. Nikaisugua ndoo mpaka ikang’aa, nikaanza upya, nikaloweka vitambaa vipya, nikachapa shaash zote tena.

Leo tumefua moja, Hodan na mimi, kila mtu na upande wake. Tumeisugua mpaka vidole vikauma. Maji yalibaki meupe. Hodan akapiga vigelegele, majirani wakachungulia, nami nilicheka nao, kisha nikakimbilia ndani nikajifungia. Rangi imeshika, Eeddo. Imeshika bila wewe.

Mola akupe ubaridi huko uliko, wewe uliyeishi kwenye joto lote hili.

Mimi, binti wa kaka yako,
Safiya