Wanataka Nifumue Zulia la Binti Yangu Mbele za Watu

Mpendwa Lalla Nuzha, mshauri wetu wa redioni, naomba unisaidie kabla Ijumaa ya wiki ijayo haijafika, na unisamehe mwandiko, kusoma na kuandika nimejifunza ukubwani kwenye darasa la kina mama pale msikitini, na leo kwa hasira kalamu inatoboa karatasi.

Mimi ni mfumaji wa mazulia ya nguo kuukuu hapa mjini Bujaad, kama alivyokuwa mama yangu. Kazi yenyewe unaijua, kwetu hakuna nguo inayotupwa, sweta likitoboka, fulana ikipauka, shuka ikichanika katikati, jalaba la mzee likiisha viwiko, vyote vinaingia guniani, halafu wakati wa baridi vinachanwa vipande vyembamba kama kidole na kufungwa fundo kwa fundo kwenye kitanda cha kufumia mpaka linatoka zulia la rangi zote, na mabaki nashonea mito ya kuegemea na mapazia ya mlango wa jiko. Sijisifu, ila nyumba nyingi za mtaa huu zinakanyaga kazi yangu.

Sasa binti yangu mkubwa, Khaula, amechumbiwa na kijana anayeitwa Zuhair, fundi wa madirisha ya alumini, sukari imeletwa, hina imeletwa, pete iko kidoleni, imebaki kuandikisha ndoa. Mimi nikasema zulia la chumba chake nitalifuma mwenyewe, na kwa kina mama yangu huko milimani zulia la bi harusi lazima liwe na nguo za nyumba zote mbili, za wazazi wake na za mume pia, ili nyumba mpya ianze ikiwa na watu wake. Desturi ni kwamba mama wa bi harusi anakwenda kwa mama wa bwana harusi, anaomba nguo moja mbili, anapewa, na chai anakunywa. Lakini mama yake Zuhair, Lalla Mahjuba, Mungu anisamehe, ni mtu ambaye hata maganda ya viazi hakupi kabla hajajua unayapeleka wapi. Niliogopa kumwomba. Nikamwambia Khaula, mwanangu, mwambie Zuhair mwenyewe akupe nguo zake za zamani. Wakakutana nyuma ya posta, wawili peke yao, jambo ambalo baba yake hajui mpaka leo, na Zuhair akampa mfuko mzima, shati la kijani, suruali ya kazi, fulana za mpira, tena akacheka akasema heri uzikanyage wewe kuliko kuliwa na panya.

Nikazichana, nikazifuma. Baridi yote nimekaa mbele ya zulia lile, mgongo umekufa ganzi na vidole vimepasuka, na siku ya kulikata kutoka kwenye kitanda chake nililinyunyizia maji na kulitamkia shahada kama alivyokuwa akifanya mama, nikalia kidogo, kwa sababu nilijua likitoka lile na binti naye anatoka.

Jumapili tukapeleka vyombo vya bi harusi, mablanketi, mito, masufuria, zulia juu kabisa, wanawake wanapiga vigelegele njia nzima. Likatandikwa uani kwa kina Zuhair ili watu walione, wakalisifu, na shangazi yake Zuhair, Hajja Yamna, akavua viatu akasema hili mtu aoshe miguu kwanza. Halafu Lalla Mahjuba akainama. Akashika kipande cha kijani chenye uzi wa rangi ya machungwa, maana lile shati kiraka chake alikitia yeye mwenyewe, akakijua. Vigelegele vikakatika.

"Shati la mwanangu limefikaje hapa?" akauliza.

Nikamwambia ni nguo kuukuu tu, dada, ni desturi ya kwetu, tunachanganya nyumba mbili. Ni kama nimeuambia ukuta.

"Nguo iliyonyonya jasho la mwanangu umeifunga mafundo," akasema, polepole, ili hata wa jikoni wasikie. "Mafundo mangapi haya, Rabha? Na kila fundo ulikuwa unasoma nini?"

Mshauri, wewe unajua maana yake. Hapa kwetu mtu akikwambia hivyo amekwambia wewe mchawi, umemfunga kijana wa watu usiku wa harusi asiweze kitu, au umemfanya kondoo wa kuvutwa na mkewe maisha yake yote. Mimi huyu, ambaye mambo hayo nayaogopa mpaka nywele zinazobaki kwenye kitana nazifukia shimoni zisiokotwe na mtu. Mwanamke mmoja akamvuta mtoto wake kwa mkono kumtoa juu ya zulia, kama anamtoa juu ya makaa.

Na Zuhair alikuwepo. Hapa ndipo ninapoungua. Alikuwa mlangoni amebeba kreti la soda, amesikia kila neno. Nikamtazama, nikamngoja aseme mama, nguo nimetoa mimi, basi, si zaidi ya hapo. Akaangalia zulia, akaniangalia mimi, akaangalia soda zake, akaingia nazo jikoni. Khaula akanifinya mkono chini ya shali, nikaelewa ananiomba nisitaje habari ya posta. Nikakunja zulia langu, dada yangu akashika upande mmoja, tukarudi nalo kwa njia ileile, safari hii kimya, watu wamesimama milangoni wanatuhesabia hatua.

Kesho yake akaja Hajja Yamna, eti kwa nia njema. Anasema Ijumaa hiyo ya wiki ijayo, baada ya sala, nipeleke zulia kwao, awepo fakihi wa msikitini, wawepo wanawake walewale, nilifumue mbele yao fundo baada ya fundo mpaka libaki rundo la matambara, wakague. Likiwa safi, harusi iko palepale na hakuna atakayelitaja tena. Nikikataa, basi nimekiri, nirudishe pete na sukari yao. Akanishika bega, kwa upole kabisa, akasema, "Kama hukuweka kitu, dada yangu, unaogopa nini?"

Mume wangu, Sidi Hammadi, anasema fumua. Anasema yalikuwa matambara, yarudi kuwa matambara, tumwoze binti tupumzike. Dada yangu anasema nichukue mkasi nikate kila kipande cha Zuhair nikavitupe mlangoni kwa mama yake. Khaula hali chakula, anarudia neno moja tu, mama usimtaje, baba akijua tulikutana itakuwa balaa. Nikimtazama mtoto wangu naona huruma, nikikumbuka kreti la soda naona giza. Nikisema ukweli nimemwaibisha, nikifumua nimekubali kuwa mchawi, nikikataa ndoa imekufa, na jina hilo litamfuata hata mdogo wake, kwa maana nani atakuja kuposa kwa mwanamke anayefuma watu? Na nani ataniletea tena nguo zake za zamani nimfumie, wakati sasa hivi majirani wakiniona barabarani wanashika mashati yao kama nimekuja kuyavua? Mimi mikono yangu ndiyo jina langu, sina lingine.

Nifanye nini, Lalla? Majina yote nimeyabadilisha, hata langu.

Mama Anayeungua, Bujaad

*Lalla Nuzha anajibu:*

Rabha, au yeyote uliye, kunywa maji kwanza. Una haki ya kukasirika. Ila hasira yako umeisambaza kwa watu wengi, na sehemu yake inakuhusu wewe, kwa hiyo tuanze na hiyo.

Umekosea. Uchawi hukufanya, lakini umekosea. Wewe mwenyewe unafukia nywele za kitana, halafu unachukua nguo zilizolala kwenye ngozi ya mtoto wa mwanamke mwingine, yeye hajui, unazifunga mafundo, unakwenda kuzitandika uani kwake mbele ya wageni wake. Ulitegemea akupigie makofi? Hofu ya Lalla Mahjuba ni hofu yako hiyohiyo, tofauti ni kwamba yeye aliisema kwa sauti, tena kwa ubaya. Ungegonga mlango ukaomba. Angekunyima, ungefuma bila hizo, na zulia lingekuwa zulia.

Na kuna kubwa kuliko hilo. Unasema ukisema ukweli utamwaibisha binti yako. Soma tena barua yako, mama. Nani alimtuma akamwombe kijana nguo? Ni wewe. Uliogopa kikombe kimoja cha chai na mkweo, ukampeleka mtoto nyuma ya posta, na sasa unamwacha ashindwe kula kwa siri ambayo ni yako. Kabla sahani hazijaondolewa leo, mwambie Sidi Hammadi: mimi ndiye niliyemtuma. Akifoka, akufokee wewe. Mabega yako ni mapana kuliko ya Khaula.

Sasa zulia. Usilifumue. Hata fundo moja. Hajja Yamna anakuuliza unaogopa nini, na nashangaa mfumaji mzima amekosa jibu. Wewe unajua kilichomo ndani ya nguo kuukuu: nywele za kila aliyeivaa, uzi wa kiraka, kifungo kilichovunjika, karatasi iliyosahaulika mfukoni ikafuliwa mpaka haisomeki. Utakaa chini ufumue mbele ya wanawake waliokuja kutafuta, na watapata. Unywele mmoja mrefu ndani ya suruali ya Zuhair, basi, kesi imekwisha, na ni wewe uliyewatolea kwa vidole vyako. Kwa macho hayo hakuna zulia la matambara lililo safi katika nchi hii nzima. Na tuseme hawakupata kitu. Mwakani Zuhair akiumwa tumbo, watataka ufumue mito. Mimba ikichelewa, watataka mapazia ya jiko. Khaula atazeeka akikaguliwa.

Kwa mume wako nina neno moja. Sidi Hammadi, ukiwa unasikiliza, mkeo alipinda mgongo baridi yote mbele yako, nawe unayaita matambara. Watu wameitukana nyumba yako uani kwao na wewe unatafuta njia fupi ya kwenda kulala. Vaa jalaba lako, kuna kazi.

Kazi yenyewe ni yule mbeba soda. Nimesikia wanaume wa kila namna kwenye kipindi hiki, walevi, wapigaji, wenye wake wawili wasiojuana, na hao najua pa kuwaweka. Huyu ananitia hasira zaidi kwa sababu watu watakwambia ni mpole. Si mpole. Nguo alitoa kwa mkono wake, akacheka, na mama wa mchumba wake alipoitwa mchawi kwa ajili ya shati hilohilo, yeye akaona ni wakati mzuri wa kupanga soda jikoni. Kama hawezi kumwambia mama yake ukweli mdogo namna ile, siku mama yake atakapomgeukia Khaula ataingia jikoni tena.

Kwa hiyo mwiteni. Mchana, mlango wazi, wewe na mumeo mmekaa. Mwambieni hamtamsemea. Anakwenda mwenyewe, mbele ya mama yake na shangazi yake na wanawake wale waliosikia tuhuma, aseme nguo nilitoa mimi na nilijua ni za nini. Hakuna kutuma mtu, hakuna simu, wala ile ya "nitaongea na mama taratibu akitulia". Mpeni mpaka Jumatano.

Akisema, Alhamisi wewe unakwenda kwa Lalla Mahjuba peke yako, bila zulia, unaomba radhi kwa kutogonga mlango wake. Atakununia. Mwache anune, hiyo ni haki yake na wewe umeitafuta. Usirushe tuhuma zake usoni pake siku hiyo, zitazungumzwa baadaye, na yeye naye atakuja kukuomba radhi au hataonja harusi yenye amani. Zulia lenyewe lisiingie kwake mpaka aliombe kwa mdomo wake.

Asiposema, Alhamisi hiyohiyo nyinyi ndio mnaorudisha pete na sukari, wewe na mumeo, jua likiwaka, mtaa mzima uwaone. Msingoje Ijumaa mkafukuzwe. Watu watasema, ndiyo. Watasema mpaka ipatikane harusi nyingine ya kusema. Na mlango wako uwe wazi, zulia likiwa limetandikwa sebuleni, kila jirani anayeingia anywe chai akiwa amelikalia. Wataanza wachache, na hao wachache watarudi na magunia ya nguo zao.

Lakini kabla ya hayo yote kuna jambo hukuliandika. Umeniambia Khaula anakuomba ufiche nini. Hukuniambia kama bado anamtaka kijana huyu, na nina wasiwasi hujamuuliza. Amesema baba, amesema khalati, yule dada yako, amesema shangazi wa watu, na sasa nimesema mimi kwa nchi nzima. Zima redio, mkalishe karibu yako, muulize. Kisha nyamaza, Rabha, na usimsaidie kujibu.