Wimbo Niliounyima Upepo

Naomi mwenzangu,

Kwenye darasa la watu wazima ulitufundisha kwamba barua huanza kwa kumjulia hali mwenzio, kisha unaeleza yako. Yako nashindwa kuiuliza. Yangu si nzuri, na nimejitakia mwenyewe.

Hii ni barua yangu ya kwanza kuandika bila wewe kusimama nyuma yangu na fimbo yako ukisema, "Mwajuma, hiyo herufi imelewa." Leo zimelewa zote, usiseme kitu. Naandikia juu ya kigoda, na mgongo unauma.

Nakwenda moja kwa moja kwenye jambo lenyewe, maana nikizunguka nitaliacha. Mdogo wako Debora ameandika kutoka Dodoma. Barua ilikuja kwa jina la Baba Neema, na kwa kuwa mumeo hajui kusoma, mimi ndiye ninayemsomea tangu ulipofariki. Niliichukua Ikungi siku ya gulio nikampelekea. Salamu zote nikasoma, pole zote nikasoma, habari za wagonjwa wake hospitalini nikasoma. Nilipofika pale anaposema, "Shemeji, nipe Neema nikae naye, hapa jirani pana shule yenye piano na mwalimu wake, mtoto asipoteze alichoachiwa na mama yake," nikaruka. Mistari sita, Naomi! Niliiruka kama mtu anavyoruka dimbwi, nikatua kwenye "wasalimie wote." Baba Neema akasema asante. Neema mwenyewe alikuwa shule. Barua nikaondoka nayo, nikaizika kwenye debe langu la unga wa mtama, na leo ni siku ya tisa nachota unga nikikwepa kona ile.

Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma. Tazama nilivyoutumia usomaji wako.

Nikueleze kidogo yaliyobadilika. Tumehamishwa. Tembe zetu tumeziacha kule kwenye minyaa, sasa tuko kijijini, nyumba zimepangwa safu kwa safu, nikipiga chafya jirani anasema afya. Kaburi lako limebaki kule kwenye boma la zamani. Kila Ijumaa baada ya sala nakwenda kufukuza mbuzi wanaolala juu yako, halafu nakusimulia mambo ya kijiji, ila hili sikuwahi kukusimulia. Kinanda cha kanisa tulikihamisha kwa mkokoteni wa ng'ombe. Nilitembea pembeni nimekishika ubavu njia nzima, watu wakaniuliza kama namsindikiza bibi harusi.

Neema anakipiga kila Jumapili kwenye kanisa jipya la nyasi. Ana vidole vyako. Na mimi bado niko chini sakafuni, nasukuma vikanyagio kwa mikono ili kinanda kipate upepo, vilevile nilivyokusukumia wewe. Wewe mguu wako ulipooza ukiwa mtoto, ilibidi. Neema ana miguu miwili mizima. Mwinjilisti ameniuliza mara mbili, "Bi Mwajuma, huyu binti kwa nini asikanyage mwenyewe?" Nikamjibu miguu bado mifupi. Juzi nimeipima kwa macho. Inafika, tena inazidi.

Basi ndivyo nilivyo. Na hii si mara ya kwanza. Lile la kwanza nilitaka kukuambia ungali hai, kila mwaka nikasema mwaka huu, kila mwaka nikaogopa.

Unakumbuka tulivyoanza? Bibi wa misheni alipoondoka, kinanda kikabaki na mtu mmoja tu aliyekijua, wewe uliyejifunza kwa kukifuta vumbi. Ukaja kwetu unachechemea, ukaniomba nije nikukanyagie. Baba yangu akaona hatari, akanipeleka kwa mwalimu wa madrasa. Mwalimu akaniuliza, "Unaimba humo?" Siimbi. "Unaomba nao?" Siombi, natia upepo tu. Akafikiri, akasema upepo hauna neno, nenda. Ndio mwanzo wa Muislamu mimi kuijua sakafu ya kanisa kuliko wazee wa kanisa wenyewe.

Ukitaka upepo zaidi ulinigusa bega kwa mguu wako mzima mara moja. Mara mbili, nipunguze. Watu walisema kinanda cha Naomi kinalia kama mtu. Kile kilio kilikuwa mikononi mwangu, na hakuna aliyejua ila sisi wawili. Nilijivuna nacho sana, Naomi. Sikuwa na kingine cha kujivunia.

Kisha ukapata kazi ya kupiga pasi kwa daktari wa misheni, aliyekuwa na gramafoni na santuri za Wamarekani weusi. Maneno yake hukuyaelewa hata moja. Ulirudi nazo kichwani, ukazipiga kanisa likiwa tupu, polepole, vidole vya kushoto vinatembea na vya kulia vinachelewa makusudi. Nikakuuliza hizi ni nyimbo gani, ukasema, "Za kulia umesimama." Halafu ukatunga wa kwako mwenyewe, wa mtu anayemngoja mwenzake kisimani mpaka ng'ombe wote wamekunywa wameondoka. Kila ulipouimba nilisahau kupumua, nikakumbuka kusukuma tu.

Ile Landrova ya watu wa redio ilikuja mwaka wa pili baada ya uhuru. Bwana wa miwani akatundika maikrofoni kwenye boriti, akaziba madirisha kwa mablanketi, akafukuza kuku, kuku akarudi, akamfukuza tena. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa kanisa, ukaenda vizuri. Wa pili wa kuvuna uwele, ukaenda vizuri mno. Ule wako ulikuwa wa tatu. Ulimwonjesha kidogo tu, akavua miwani, akasema, "Dada, huu nikiupata sawasawa nitakuita Dar es Salaam. Kule kuna piano yenyewe. Haihitaji mtu wa kukanyaga."

Alisema kwa wema, maskini. Hata hakujua kuna mtu chini.

Ukaanza. Ubeti wa kwanza nilikupa upepo wote niliokuwa nao. Ubeti wa pili nikaondoa mikono. Sikupanga, wallahi sikupanga, mikono ilijiondoa nami nikaiacha. Kinanda kikashuka, kikashuka, kikanyamaza. Ukanigusa bega. Ukanigusa tena. Nikatazama ukuta. Nawe hukukatisha, uliimba mpaka mwisho kwa sauti tupu. Ulipomaliza nikasema kwa nguvu, "Mfuko wa upepo umepasuka!" nikatoka mbio kama anayetafuta fundi, nikaenda kujificha nyuma ya yale mawe makubwa. Nililia huko mpaka niliposikia gari likiwashwa. Nyimbo zako mbili zilipigwa redioni, kijiji kizima kikajaa nyumbani kwa mwenye redio. Wa tatu haukupigwa. Wala hukuitwa Dar es Salaam.

Na hapo bado. Jioni ile nikakumbuka kwamba mfuko ni mzima na fundi ataona. Nikaingia na wembe wa baba, nikaupasua kweli. Astaghafiru! Mkakosa kinanda mpaka fundi alipotoka Singida mjini na kipande cha tyubu ya baiskeli. Uliinama ukautazama ule mkato, ulivyonyooka, ukasema, "Panya wa siku hizi wana wembe." Ukacheka. Nikacheka na mimi, na tangu siku hiyo najiuliza ulikuwa unacheka nini.

Sasa ni Neema. Ana miaka kumi na mmoja, ananiita mama mkubwa, baba yake akienda machungani analala kwangu. Nikimtoa aende kwa Debora nabaki na nini? Niambie. Naacha hapa kwanza, unga wenyewe unakaribia kuisha na barua itaonekana.

*

Nimerudi. Zimepita siku nne.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na mashine.

Juzi imekuja Landrova, na ndani yake bwana yuleyule wa redio, nywele sasa mvi. Anazunguka kurekodi ngoma za vijiji vya ujamaa. Akauliza yule dada wa kinanda yuko wapi. Akaambiwa. Alikuja kwa Baba Neema akatoa pole, kisha akasema kwamba ule wimbo wa tatu hawakuutia redioni kwa sababu ya kinanda kukatika, ila yeye hakukubali ufutwe. Safari hii alikuwa amekuletea uusikie.

Akaweka mashine juu ya meza. Tulikuwa Baba Neema, Neema na mimi. Jamani, sauti yako! Ulikuwa na miaka kumi na tisa. Neema hakuwahi kukusikia ukiwa msichana, akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Hata yule kuku yumo. Nikasikia upepo wangu ukiwa umejaa, halafu nikasikia kinanda kinashuka, nikainamisha kichwa vilevile kama siku ile. Na pale kilipoisha ukabaki wewe peke yako, hujikazi, huogopi, unaimba tu. Baba Neema alikuwa analia waziwazi.

Nikadhani utepe umeisha. Haukuisha. Mlango ukalia, ni mimi huyo natoka mbio. Kisha sauti ya bwana, anasema wanaweza kulala hapa, kitengenezwe, warudie kesho. Na sauti yako, taratibu, "Mfuko haujapasuka, bwana. Mwenzangu ameondoa mikono. Hataki niende." Akakuuliza kwa nini usizungumze nami, au azungumze nami yeye. Ukasema, "Usimguse. Siku akiniachia mwenyewe, nitakuja."

Naomi. Ulinisubiri. Miaka yote ile ulikuwa unasubiri niseme neno moja, nami nilidhani nimefanikiwa kukudanganya. Uliolewa, ukazaa, ukanishika mkono ukanifundisha a, e, i, o, u, na hukuniambia. Nakukasirikia, ujue. Ungenipiga hata na ile fimbo. Ungesema! Lakini ungesema ningekana, unanijua, ningekana mpaka kesho.

Neema alinitazama. Sikuweza kuyakabili yale macho. Nikainuka nikaenda kwangu, nikatia mkono kwenye debe mpaka kiwiko, nikarudi nimejaa unga. Nikasema, "Baba Neema, barua ya shemeji yako sikuisoma yote." Nikaisoma mbele yao, mbele ya mgeni pia, ile mistari sita, mahali pengine nikirudia neno mara mbili kwa sababu ya machozi. Nilipomaliza Baba Neema akasema, "Niliona siku ile karatasi ilikuwa ndefu kuliko maneno." Mtu asiyejua kusoma! Nilitamani ardhi inimeze. Akanisogezea kigoda nikae.

Akamuuliza Neema kama anataka kwenda. Neema akanigeukia mimi. "Mama mkubwa, nikienda wewe utafanya nini kanisani?" Una mtoto, Naomi. Nikamwambia nitafanya kama wengine, nitakaa kwenye benchi.

Jana nikampeleka kwenye kinanda, nikamwambia leo kanyaga mwenyewe. Alianza vibaya, miguu huku, vidole kule, kinanda kinakohoa. Nilitaka kushuka chini nimsaidie, nikajizuia kwa kulishika benchi kwa mikono miwili. Mara ya tano ikakubali. Akaupiga wimbo wako, ameushika kwa kuusikia mara moja tu kwenye ile mashine, na vidole vya kulia vinachelewa makusudi. Sijawahi kukisikia kinanda kile nikiwa nimekaa, unajua? Siku zote nilikuwa chini, nasikia mbao na pumzi zangu. Kumbe hivi ndivyo watu walivyokuwa wakikusikia. Ningejua mapema, ningekuachia? Sijui. Sitakudanganya, nimechoka kudanganya.

Anaondoka Jumatatu kwa basi la Dodoma. Nitamfikisha Ikungi mwenyewe na sanduku lake kichwani kwangu, na Baba Neema amesema nimwachie hilo sanduku, nimekataa.

Basi, mwenzangu, nakuachia. Nimechelewa mno, lakini nimesema mwenyewe. Nenda ukapige piano huko uliko, kama ipo, na kama inahitaji mtu wa kukanyaga mwambie anisubiri kidogo. Na ahadi yangu ni hii. Neema akiandika, nitamsomea baba yake barua yote, kwa sauti, mstari kwa mstari. Hata ule mstari utakaosema kwamba huko ni kuzuri kuliko kwetu.

Ni mimi,
Mwajuma